Bado Hujambo?

"Kaa," dobi alimwambia binti yake, akaifudikiza ndoo tupu na kumsogezea.

"Sikai."

"Umetembea na jua lote hili halafu unaniambia hukai? Kaa, mwanangu."

"Mama, nimesema sikai. Nikikaa nitainuka nimekuachia ramani."

Dobi aliitoa mikono yake katika beseni la mashuka ya nyumba ya wageni, akatazama huku na huku. Wenzake wawili walikuwa upande wa pili wa uwanja wakisuuza foronya na kusengenya, tena kwa bidii, kwa hiyo hawakuwa na masikio ya kuazima. Akamshika binti mkono akampeleka nyuma ya kamba, palipoanikwa mashuka yaliyoning'inia mpaka chini, mahali ambapo watu wawili wangeweza kusemezana bila kuonekana zaidi ya miguu.

Binti alikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ni kukaa, kupokea pesa na kuandika risiti, na kwa kazi hiyo alikuwa hodari. Tatizo lake lilianza alipojifungua mtoto wa tatu. Akikohoa, maji ya haja ndogo yanamtoka. Akipiga chafya, yanamtoka. Mteja akileta kichekesho, na wanunuzi wa misumari wana vichekesho vingi, anauma mdomo asicheke, na bado yanamtoka.

"Bosi ameniwekea nailoni kwenye kiti," alisema.

"Nailoni gani?"

"Ile ya kufunikia simenti. Ameikata vizuri kabisa, akaifunga na kamba miguuni mwa kiti. Nimefika asubuhi nimeikuta."

"Akasemaje?"

"Angesema si ningemjibu? Hakusema neno. Ila kila nikijisogeza ile nailoni inalia, na wateja wanachungulia kujua kinacholia."

Dobi aliifuta mikono kwenye aproni, ingawa aproni yenyewe ilikuwa imelowa kuliko mikono. Moyo ulimuuma kweli. Alitaka kumkumbatia mwanawe, akakumbuka maji yaliyomjaa kifuani, akaacha.

"Na mumeo?"

"Analala kwenye kochi. Anasema chumbani joto."

"Joto lipo."

"Joto gani, mama? Tunajifunika mablanketi mawili." Binti akapumua. "Nimeshaamua. Nafanyiwa upasuaji kama wewe. Wewe ulipona, na mimi nitapona. Baba nimeshamwambia, amesema pesa itapatikana."

Upepo uliyachezea mashuka. Dobi akasema mbona haraka hivyo, halafu akasema tutaongea nyumbani, halafu akasema mashuka yanasubiriwa. Binti akaondoka akiwa hajakaa.

Wenzake walikuwa wameshajiuliza siku nyingi kwa nini mwanamke yule, aliyekuwa fundi wa pasi anayenyoosha shati mpaka kola ikasimama yenyewe, aliomba mwenyewe kushushwa kwenye mabeseni. Kwenye pasi kuna kivuli na kuna heshima. Kwenye mabeseni kuna mgongo na ukungu wa vidole. Wengine walisema amezeeka, wengine wakasema pasi ilimuunguza akaiogopa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtu wa pasi anatakiwa awe mkavu kuanzia kichwani mpaka miguuni, na doa moja likionekana kwenye gauni watu watauliza limetoka wapi. Mtu wa mabeseni amelowa tangu asubuhi, na hakuna mwenye muda wa kuuliza maji yapi ni ya beseni na yapi si ya beseni.

Maana ulikuwa umerudi. Ule ugonjwa aliokatiwa, akashonewa utepe ndani, akatoka hospitali anacheka kwa sauti ili tu aone kwamba anaweza kucheka, ulikuwa umerudi kidogo kidogo kama mgeni asiye na haya, kwanza tone, kisha kijiko, kisha shimizi nzima. Hakumwambia mtu. Alihamia kitanda cha peke yake akasingizia mgongo. Mumewe alikuwa fundi viatu, pua yake iliuawa na gundi zamani, kwa hiyo upande huo hapakuwa na wasiwasi.

Na hospitali je? Hospitali ilimpigia simu kila mwaka, kwa kuwa ilitaka kujua hali za wote waliofanyiwa wakati ule. Aliyepiga alikuwa nesi mmoja mwenye sauti ya asali.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Bado hujambo kabisa?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Haya mama, nasi tunashukuru."

Na simu ikakatwa. Sasa mtu akiulizwa hujambo ajibuje? Hata aliyefiwa husema kwanza sijambo, ndipo aseme msiba uko wapi. Dobi naye aliamkiwa akaitikia. Miaka ya kwanza jibu lilikuwa la kweli tupu, na miaka iliyofuata likabaki kuwa jibu lile lile, kwa sababu nesi hakungoja neno la pili na yeye hakuwa na haraka ya kulitoa.

*

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kilichokuwa pia karakana. Humo fundi viatu alikaa katikati ya maiti za viatu, na mbele yake ilisimama cherehani nyeusi ya kushonea soli, chuma kitupu, kitu alichokipenda karibu kama watoto wake na pengine kuwazidi siku wakimkasirisha.

"Hii inauzwa," alisema jioni ile, akaipiga kofi ubavuni. "Kuna fundi mwenzangu anaitolea macho tangu zamani. Jumamosi anakuja kuichukua."

"Na wewe utashonea nini?" dobi aliuliza.

"Mkono."

"Mkono upi? Tundu la sindano lenyewe hulioni."

"Utanitungia uzi, mama watoto. Kwani unakwenda wapi?" Akacheka, akamgeukia binti aliyekuwa ameegemea mlango. "Mama yako alikuwa hivyo hivyo kama wewe. Hapandi gari, haendi harusini, akicheka anakimbia chooni. Wakamtengeneza akatengenezeka. Wateja wangu wote nimewaambia, pale hospitalini kuna mafundi."

"Angoje kidogo," dobi akasema. "Si aliambiwa kuna mazoezi? Ya kubana."

"Nimebana, mama," binti akajibu. "Miezi yote hii nabana. Nimebana dukani, nimebana jikoni, nimebana mpaka sura imekuwa ya mtu anayedai."

"Kisu si mchezo, mwanangu."

"Mbona wewe ulikwenda?"

"Zamani ile nilikuwa... Kila mwili na wake."

Fundi viatu aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu mpole, lakini upole wake ulikuwa na mpaka, na mpaka ulikuwa pale alipohisi mtu anamchezea mtoto.

"Mama watoto, sikuelewi. Dawa umeionja, imekuponya, sasa mwenzio anataka kuonja unamtolea maneno. Una choyo cha afya? Nimesikia choyo cha mali, cha afya leo ndiyo mara ya kwanza."

Binti hakumtetea mama yake. Alimtazama tu, kwa macho ya mtu anayengoja kusikia kama ni kweli.

Hapo ndipo dobi angesema. Lilikuwa neno moja, umerudi, basi. Lakini mteja alikuwa amesimama kizingitini na kiatu kisicho na kisigino, anasikiliza bila aibu, na fundi viatu alikuwa akitabasamu kumwomba msamaha kwa kumchelewesha. Dobi akaingia ndani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

*

Kwa daktari walikwenda wawili, mama na binti. Binti aliomba mwenyewe. "Nataka waniangalie nikiwa na wewe," alisema, "ili waone nimetoka wapi."

Benchi la kungojea lilijaa wanawake, na karibu wote walikuwa wamekaa ukingoni ukingoni, kila mmoja na kitambaa au kanga ya ziada mapajani. Nesi wa sauti ya asali alipotokea na kulisikia jina la dobi, alipiga makofi.

"Jamani, kumbe ndiwe! Huyu mama ninampigia simu kila mwaka, sijawahi kumwona uso. Mnamwona huyu? Alifanyiwa zamani, binti yake bado yuko shule. Mpaka leo hajambo!"

Benchi zima likageuka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akainama mbele. "Kweli, mama? Hata ukipiga chafya?"

"Mungu ni mwema," dobi akasema.

"Hata ukibeba ndoo?"

"Mungu ni mwema, mwanangu."

Mwanamke yule akalichukua jibu hilo akalikumbatia. Alimgeukia wa jirani yake akamwambia, "Umesikia? Hata ndoo." Dobi aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Akakohoa ili afiche uso, na kukohoa kwenyewe kukamponza. Aliketi akiyahisi yakimfikia kwenye kanga, katikati ya watu waliokuwa wakimtazama kama dawa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, aliyechoka kwa haki na asiyeficha kuchoka kwake. Alimwuliza binti mengi, kwa utaratibu, bila kumfanya ajione mtoto. Akamweleza kwamba utepe huwekwa chini ya njia ya mkojo ili uishikilie, kwamba si wote huwafaa, kwamba wengine hupata maumivu. Binti akaitikia kila neno, ila kichwa chake kilikuwa kimeshakubali kabla hajaingia.

"Unadumu?" aliuliza.

"Wengi tuliowafanyia wakati ule bado hawajambo," daktari akasema. "Huwa tunawapigia. Mama yako ni mmoja wao." Akamgeukia dobi kwa uchangamfu. "Au siyo, mama? Bado hujambo?"

Wengi. Dobi aliliwaza neno hilo. Aliwaona hao wengi, kila mmoja na simu sikioni, mmoja sokoni, mmoja shambani, mmoja amesimama kando ya beseni, wote wakiitikia sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu. Ni wangapi kati yao walikuwa wamesimama pale wamelowa? Na juu ya maneno yao mwanawe alikuwa anakwenda kulazwa mezani, na mumewe anakwenda kuachwa na sindano ya mkono na macho yasiyoona.

"Ninalo," alisema.

"Unalo nini, mama?"

"Jambo. Umeniuliza kama sina jambo. Ninalo, daktari."

Nesi, aliyekuwa akipanga mafaili, akasimama nalo moja mkononi.

"Ulirudi," dobi akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo lakini haikukatika. "Hata sasa hivi nimelowa. Hiki kiti chenu mtakifuta nikiinuka."

"Lakini mama," nesi akasema, karibu alie, "kila mwaka nakuuliza, na kila mwaka unaniambia hujambo."

"Uliniamkia, nikaitikia. Hukuniuliza kama nalowa."

"Nilikuwa natafuta neno la adabu. Mtu mzima kama wewe nitakuulizaje kwenye simu kama unajikojolea?"

"Ndiyo hivyo. Na mimi nilikujibu kwa adabu."

Daktari alivua miwani, akajikuna kati ya macho. Hakumkaripia yeyote. "Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunasalimiana," alisema. Akamgeukia binti. "Nitakuambia ukweli. Kuna waliopona na wakabaki wamepona, hao nimewapima mwenyewe. Kuna ambao unalegea baada ya muda. Ni wangapi, nilidhani najua, ila leo sijui tena. Mama, ugonjwa ulirudi lini?"

Binti alikuwa ameshasimama. Alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga, na dobi akainuka kumfuata kabla hajajibu. Nyuma yao nesi alibaki anakitazama kiti.

*

Alimpata nje, kwenye ukuta wa hospitali, amesimama kama kawaida yake.

"Ningekuambia," dobi alisema.

"Lini? Nikiwa mezani nimechanwa?"

"Niliogopa utakata tamaa."

"Tamaa!" Binti akacheka kicheko kibaya. "Mama, mimi ninafua shuka zangu kabla watoto hawajaamka. Ninazianika ndani ya chumba, nyumba nzima inanuka. Nikikuona wewe najiambia, mama alikuwa hivi, akapona, mimi ndiye mbovu katika ukoo huu. Najiona uchafu. Kumbe wewe upo kule unalowa kama mimi, na unaniangalia hivi hivi!"

"Sijakucheka hata siku moja."

"Sijasema umenicheka. Umeniacha peke yangu. Bora ungenicheka."

Dobi alinyoosha mkono. Binti hakuupokea. Alisema watoto wanamngoja, akaenda zake, na dobi akabaki pale ukutani mpaka mlinzi akamwuliza kama anamngojea mtu.

Nyumbani alimwambia mumewe yote, bila kukaa, mlango ukiwa wazi. Mteja angekuja angesikia, na safari hii hakujali. Fundi viatu alisikiliza huku amekishika kiatu cha mtoto mkononi. Kilichomtoka kwanza hakikuwa kizuri.

"Nimewaambia watu wote," alisema.

"Najua."

"Hata wale wa jana. Nimewatuma kule." Akamtazama mkewe. "Na mgongo? Kile kitanda?"

"Haukuwa mgongo."

Uso wa fundi viatu ulipita kwenye hasira ukaenda mahali pengine, pa uzee. "Nilidhani umenichoka," alisema. "Nikajiambia, mtu akishapona anaweza kumwona mwenzake mzee. Nikanyamaza." Akakibonyeza kile kiatu, soli ikaachama. "Hata mimi nashona soli, zinarudi. Simgombezi mwenye kiatu. Ila angalau ananirudishia nikione."

Dobi alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mumewe akamwacha alie kwa kuwa hakujua la kufanya. Mwishowe alisema, "Basi mashine haiuzwi. Hakuna haja tena." Akachukua kitambaa akaifunika cherehani yake. Mikono yake ilikuwa na wepesi alioshindwa kuuficha, na aliuonea aibu, akajifanya anatafuta gundi.

*

Jumamosi mnunuzi alikuja na mkokoteni. Fundi viatu akamtolea stuli, akaanza kumzungusha kwa maneno, maana si rahisi kumwambia mtu aliyekodi mkokoteni kwamba arudi nao mtupu. Mnunuzi hakuwa mjinga. Akasema atakwenda kunywa chai ng'ambo ya barabara, na akirudi apewe neno moja, ndiyo au siyo.

Alipokuwa anavuka, binti akaingia. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya hospitali. Miguu yake ilikuwa imevimba vifundoni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," wakajibu wote wawili, haraka mno.

"Kiti kimeondolewa," alisema, kana kwamba wameuliza. "Bosi anasema kusimama ni afya. Nasimama kuanzia kufungua mpaka kufunga." Akalitazama lile umbo lililofunikwa kitambaa. "Bado hamjauza?"

"Tumeacha," baba yake akasema. "Baada ya yale aliyosema mama yako, kuna haja gani? Utachanwa halafu yarudi yale yale."

Binti alimgeukia mama yake. Hasira bado ilikuwepo, ila ilikuwa imechoka, haikuwa na nguvu ya kusimama na yeye.

"Nina swali moja. Daktari alikuuliza tukaondoka. Kabla haujarudi, ulikauka muda gani?"

Dobi aliona haya kuutaja. Kwake ulikuwa muda mfupi, ushahidi wa kushindwa. "Miaka minne," alisema. "Minne tu, mwanangu."

"Minne kamili?"

"Na miezi. Sikuihesabu."

"Ulikuwa unakaa popote?"

"Popote."

"Ulikuwa unalala na baba?"

Fundi viatu alitazama pembeni. "Nililala naye," dobi akasema.

Binti alipitisha viganja usoni. Aliposema, sauti yake ilitoka kama ya mtoto anayeomba kitu dukani akijua ataambiwa hakuna.

"Miaka minne ni mingi, mama. Mtoto wangu wa mwisho atakuwa ameanza shule. Nitakuwa nimekaa garini, nimekwenda kwa watu, nimerudi kitandani kwangu na mume wangu. Nipeni hiyo minne. Ikiisha, imeisha. Baba, nakuomba, muuzie."

Fundi viatu alimtazama mkewe. Safari hii hakutaka kuamua peke yake, naye mkewe ndiye aliyejua.

Dobi alijua. Alijua kwamba mwaka wa tano unauma kuliko ule wa kabla ya kisu, kwa sababu mtu anakuwa ameshazoea kuwa mtu. Alijua asubuhi ile ya tone la kwanza, alivyosimama chumbani akijishika, akijidanganya ni jasho. Neno hilo lilimjaa mdomoni lote. Akamtazama mwanawe alivyobadilisha mguu wa kusimamia, kisha akaurudia ule wa kwanza.

Hakulisema. Aliondoa kitambaa juu ya mashine, akakikunja, akatoka mpaka kizingitini akamwita mnunuzi aje na mkokoteni wake.